Mkokoteni wa Kayaki ya Efraim

Efraim alirudi kutoka hospitali ya Nuuk mwezi wa pili, mguu wake mmoja ukiwa umebaki huko. Helikopta ilipotua, watu wawili walimshusha kwa kumshika kwapani. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama bahari iliyokuwa nyuma yangu.

"Twende nyumbani, Hansigne," akasema. "Watu wanaangalia."

Hakuna aliyekuwa anaangalia. Upepo ulikuwa mkali, kila mtu alikuwa ameficha uso kwenye kola ya koti.

Kisukari ndicho kilichomla. Kilianza na kidole, kikapanda kwenye unyayo, na madaktari wakakata chini kidogo ya goti. Walimpa mguu wa bandia na magongo mawili, wakamwonyesha namna ya kutembea kwenye sakafu laini ya ukumbi. Hapa kwetu Nanortalik, mji wa mwamba na kokoto, sakafu laini iko kanisani tu.

Mume wangu alikuwa mwindaji wa sili, mnyama wa baharini. Wenzake wengi wanawinda kwa boti za injini, naye boti alikuwa nayo, lakini kitu alichokipenda ni kayaki, mtumbwi wa mtu mmoja, aliyoiunda mwenyewe: fremu ya mbao nyepesi iliyovishwa turubai, nyembamba kiasi kwamba ukiitazama kwa mbele unajiuliza mtu anaingiaje humo. Nyumba yetu iko juu, kwenye mwamba. Kutoka mlangoni hadi majini unashuka njia ya mawe, unaingia barabara ya kokoto, unapita kanisani, kisha unateremka hadi pwani. Nusu kilomita hivi. Miaka thelathini alikuwa anaiweka ile kayaki begani asubuhi kama mtu anayebeba koti, anakwenda zake huku akipiga mluzi.

Sasa alilala, uso ukiangalia ukuta. Mwezi wa tatu wote, na wa nne. Mguu wa bandia niliusimamisha pembeni karibu na jiko, na siku moja nikakuta ameutupia blanketi asiuone. Nikipika supu ya nyama ya sili anakunywa vijiko viwili, anageuka. Nikimwambia fulani amekuja kukusalimia, anasema mwambie nimelala. Niliondoka kila asubuhi kwenda kiwandani kusafisha kamba wa baharini, na mchana kutwa nilikuwa nafikiria kitakachonipokea nikirudi.

Siku moja nilirudi mapema kwa sababu mashine iliharibika. Nikamkuta ameketi kitandani, bunduki mapajani.

"Unafanya nini?"

"Naisafisha."

Hapakuwa na mafuta wala kitambaa. Nilikaa pembeni yake, nikaweka mkono wangu juu ya ile bunduki, tukakaa hivyo mpaka supu ya jana ikachemka na kumwagikia jiko. Kisha nikaifunga bunduki kwenye shuka, nikaipeleka mchana kweupe nyumbani kwa Jokum, rafiki yake wa kuwinda naye tangu ujana. Jokum aliipokea mlangoni. Akaitazama ile shuka, akaipeleka ndani.

Muuguzi alipokuja kufunga kidonda nilimweleza yote. Akaniambia nimuulize Efraim kuna kitu gani anakitaka bado, hata kiwe kidogo kiasi gani. Nilimuuliza jioni hiyo nikimsugua mgongo.

"Kuna kitu unakitaka, Efraim?"

Alipitisha kidole kwenye ukuta. Kisha akasema, "Kukaa kwenye kayaki. Ukishakaa kwenye kayaki hakuna anayeona miguu."

Niliona nimepata kamba ya kushika. Kumbe ilikuwa kamba ya kunivuta.

Jumamosi iliyofuata nilimwita Jokum. Akaja, akaiweka kayaki begani, akasema, "Haya, Efraim, twende, bahari imetulia." Efraim hata hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mimi nitembee nyuma, wewe mbele umenibebea kayaki, kama maandamano ya mazishi yangu?"

"Acha maneno yako, ndugu yangu. Ni ya kubebwa tu hii."

"Basi ibebe kwako."

Jokum aliirudisha kwenye vigingi vyake, akaondoka akiwa amekasirika. Mimi nilijaribu kuibeba mwenyewe wakati Efraim amelala. Si nzito. Lakini bega langu limeharibiwa na kiwanda, na upepo wetu una mikono. Kwenye jiwe la pili ulinigeuza mzimamzima, nikaanguka nimeikumbatia. Nikaelewa: ama aipeleke yeye kwa nguvu zake, ama haendi. Na mtu mwenye magongo mikononi hawezi kubeba kitu, anaweza kuvuta tu, kwa mkanda uliofungwa kiunoni. Alihitaji mkokoteni.

Wifi yangu Bolette, dada yake Efraim, anauza dukani. Alinitafutia kwenye simu yake, akapata mkokoteni wa kayaki huko Denmark, mabomba ya kung'aa na mikanda ya rangi ya chungwa. Kwenye picha ulikuwa unavutwa na msichana mwenye kaptula.

"Huu hapa, wifi. Unakunjwa kama mwavuli."

"Utapita kwenye mawe?"

"Wameandika unapita popote."

Tukaagiza. Kisha barafu ikashuka kutoka mashariki, kama inavyofanya karibu kila mwaka, ikaijaza bahari mpaka usiyaone maji. Meli ikasimama mbali, ikasubiri, ikakata tamaa, ikashusha mizigo yetu mji mwingine. Kila siku nikitoka kiwandani napitia dukani. Kila siku Bolette anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nyumbani Efraim alikuwa ameanza kuniuliza, "Umefika?" Neno hilo moja tu kwa siku, lakini alikuwa ananiuliza, na mimi nilikuwa nalisubiri kama mshahara. Mwishoni mwa mwezi wa sita akaacha kuuliza. Siku mbili baadaye mzigo ukafika.

Niliufungua uani. Magurudumu yalikuwa madogo kama visahani vya chai, ya plastiki. Nilijua pale pale. Lakini nilikuwa nimengoja wiki saba, nikajilazimisha kutojua. Niliifunga kayaki juu yake, nikaanza kuvuta. Hatua ya tisa au ya kumi, gurudumu la kushoto likaingia kati ya mawe mawili, likakatika kama biskuti. Nikageuka kuangalia nyumbani. Efraim alikuwa dirishani, amesimama kwa mguu mmoja, ameshika fremu. Alikuwa ameamka kuangalia. Akavuta pazia.

Nilitoka na ile takataka mkononi, nikaenda moja kwa moja jalalani, nje ya mji, anakofanya kazi Jokum. Alikuwa juu ya greda. Akalizima.

"Shemeji, umekuja kutupa nini?"

"Nimekuja kuokota."

"Mke wa mwindaji mzima, leo unaokota jalalani?"

"Nataka magurudumu, Jokum. Makubwa. Mawili yanayofanana."

"Yanayofanana? Hapa hata soksi hazifanani." Akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akashuka. "Ya nini?"

Nikamwonyesha kile kigurudumu. Alikigeuzageuza kwenye kiganja chake.

"Hiki ni kifungo cha koti," akasema. "Twende huku."

Tulizunguka kati ya mafriji na makochi yaliyooza hadi miguu ikatota. Kigari cha mtoto: magurudumu yamepinda. Baiskeli: moja tu, rimu imeliwa na kutu. Mwishowe Jokum akavuta toroli la ujenzi kutoka chini ya bati, tairi nene, ya kujazwa upepo, nzima kabisa.

"Hili ndilo. Tatizo toroli lina gurudumu moja, kwa hiyo tunahitaji marehemu wawili wa ukoo mmoja."

Tulimpata wa pili karibu na saa ya kufunga. Jokum alinipa pia fimbo ya chuma ya kuwa ekseli, na nati, na pini za kuzuia magurudumu yasichomoke. Akataka kuja kuniundia mwenyewe. Nilikataa. Sijui kwa nini nilikataa. Labda nilitaka, baada ya miezi hiyo yote ya kubembeleza, kukipiga kitu nyundo.

Niliunda bandani kwa siku nne, baada ya kazi. Sijawahi kuunda kitu. Nilikata mbao mbili, nikazitoboa, nikapitisha chuma, nikajikata kidole cha shahada mpaka nikaona mfupa, nikafunga kitambaa nikaendelea. Mkokoteni ulikuwa mbaya sana, lakini ulisimama. Nikaukalia, ukanibeba. Nililia kidogo kwa furaha, peke yangu mle ndani.

Siku ya tano asubuhi niliipandisha kayaki, nikaikaza kwa mikanda ya rangi ya chungwa kwa nguvu zangu zote, kwa sababu niliogopa isidondoke. Nikavuta. Jiwe la kwanza likapita. La pili. La tatu ni refu, gurudumu moja likapanda na lingine likabaki chini, mkokoteni ukajipinda, kayaki ikakataa kujipinda nao. Nikasikia *ka!* Sauti kavu, fupi. Nilijua hata kabla sijainama. Ubavu wa kayaki ulikuwa umevunjika, na ncha yake imetoka nje ya turubai kama mfupa unavyotoka kwenye ngozi.

Nikakaa kwenye jiwe nikapiga kelele. Si kulia, kelele. Nilikuwa nimemvunjia kitu kimoja alichobaki nacho. Nilitamani ardhi ingekuwa laini, ingenimeza, lakini kwetu ardhi ni mwamba.

Mlango ukafunguka. Efraim alitoka na fulana ya ndani, bila mguu wa bandia, akashuka ngazi kwa makalio, moja moja, akavuta magongo yake, akanijia akiruka. Niliona mate mdomoni mwake.

"Nani kakwambia ufunge hapo? Hansigne! Hapo ni mbavuni! Unamfunga mtu mbavuni hivyo?"

"Nisamehe."

"Miaka thelathini unaniona naibeba, hujui inashikwa wapi?"

"Ulikuwa unaibeba wewe!" nikamfokea. "Mimi nilikuwa nakutazama mgongo ukienda! Ndicho nilichokuwa naona, mgongo! Sasa nakutazama mgongo ukiwa umelala. Nimechoka na mgongo wako, Efraim!"

Alijishikiza kwenye magongo. Alikuwa anahema, na kile kisiki cha mguu kilikuwa kinatetemeka kwa baridi ndani ya suruali iliyokunjwa. Kisha akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye turubai iliyochanika. Akautazama mkokoteni wangu.

"Umeuunda wewe huu?"

"Mimi."

"Mbaya sana," akasema. "Niletee kigoda. Na koti."

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo alipona. Haikuwa hivyo. Siku moja alifanya kazi toka asubuhi hadi jioni, akachonga ubavu mpya, akashona turubai, akachonga viti viwili vya mbao vya kuilaza kayaki juu ya mkokoteni, vilivyofuata umbo la tumbo lake, akavivika ngozi ya sili. Akanifundisha kwamba mkokoteni unakaa nyuma kidogo ya pale mtu anapokaa, na kwamba mkanda unazuia, haukabi. Kesho yake akatupa nyundo ikavunja kioo cha banda, akarudi kitandani, akakaa siku tatu bila neno. Tulikwenda hivyo, huku na huku. Alipoanza kujizoeza kutembea uani akiwa amevaa mguu wa bandia na amefungwa mkanda kiunoni, kidonda kikafunguka. Soksi ikajaa damu.

Muuguzi alikiangalia kwa muda mrefu. "Wiki nne usivae huu mguu," akasema. "Kikioza, watakata juu ya goti. Unanielewa, Efraim?"

"Baada ya wiki nne bahari itakuwa imeharibika," akasema Efraim.

Bolette alisikia. Alikuja jioni na kuniita nje, akasimama amefunga mikono kifuani.

"Uufiche ule mkokoteni, wifi. Uurudishe jalalani."

"Siwezi."

"Utamuua kaka yangu."

"Anakufa humo ndani, Bolette. Wewe unamwona Jumapili, mimi namwona kila siku. Bunduki iko kwa Jokum tangu mwezi wa nne."

Hakuwa anajua. Aliweka mkono mdomoni, akaondoka bila kuaga. Na mimi nilibaki pale nikijiuliza kama yeye ndiye mwenye haki. Bado sijui.

Tulikwenda Alhamisi, mwishoni mwa mwezi wa saba. Ukungu uliinuka asubuhi, maji yakawa kama kioo, vipande vya barafu vimesimama hapa na pale. Nilimfunga Efraim mkanda kiunoni, akashika magongo, akaanza kushuka. Mimi nilishika nyuma. Gongo, gongo, mguu, vuta. Kwenye mawe alisimama kila hatua. Kwenye barabara ya kokoto alisimama mara sita, jasho linamdondoka puani, uso una rangi ya majivu. Nusu kilomita ilituchukua saa nzima na zaidi. Watu walitoka wakajifanya wanaangalia hali ya hewa. Mzee mmoja mbele ya kanisa alivua kofia, Efraim akamfokea, "Vaa kofia yako, bado sijafa!"

Kwenye mteremko wa mwisho mkokoteni ulitaka kumpita. Niliuzuia kwa mwili wangu, visigino vikisaga kokoto. Tukafika. Alikaa chini, akavua mguu wa bandia. Soksi ilikuwa nyekundu mpaka juu. Akanikabidhi ule mguu bila kuniangalia.

"Shika."

Akajisukuma kwa mikono hadi kwenye kayaki, akajiingiza, akajifunga. Nikaisukuma majini. Na hapo, nasema kweli, alirudi. Mgongo ule ule, kafi lile lile kushoto, kulia, bila sauti. Alikwenda mpaka kisiwa cha kwanza. Nikasubiri ageuke. Hakugeuka. Akakipita, akaingia nyuma ya barafu kubwa, nikawa namwona, kisha simwoni.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa tano hajatokea. Saa sita hajatokea. Nilisimama pale na mguu wa mtu mkononi, pembeni yangu mkokoteni mtupu, na ndipo fikra ile ikanijia, ikakaa. Nilikuwa nimemnyang'anya bunduki. Kisha nikaenda jalalani, nikaokota magurudumu, nikajikata kidole, nikamjengea njia ya kufika mahali ambapo hakuna atakayemzuia. Kwa mikono yangu. Hata mkanda nilimfunga mimi.

Jokum alikuja na mafuta ya boti yake. Aliuona uso wangu.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nimfuate?"

Niliitazama ile barafu kubwa. Kama alikuwa kule akiwa mtu tena kwa mara ya kwanza, na akaiona boti inakuja kumtafuta kama mtoto aliyepotea, asingetoka kitandani tena. Na kama sivyo...

"Shemeji. Nimfuate au nisimfuate?"

"Nenda," nikasema. Kisha nikamshika koti. "Hapana. Ngoja." Kisha, "Nenda, Jokum, nenda!" Nilikuwa nalia kamasi zinatoka.

Jokum alikuwa ameshawasha injini Efraim alipotokea, si kwa upande alioendea, upande wa pili kabisa, kwenye mwamba wa magharibi, polepole mno. Jokum akaizima. Tukamtazama anakuja, kafi moja, apumzike, kafi moja. Alipofika midomo ilikuwa ya bluu na vidole havikunjuki. Jokum aliingia majini hadi kiunoni, tukamtoa wawili.

"Umekamata nini?" akauliza Jokum.

"Nimeona sili wawili. Wakanicheka."

Jokum alikwenda kuleta blanketi kwenye boti. Nikamuuliza Efraim kwa sauti ya chini alikuwa wapi muda wote huo.

"Nyuma ya barafu."

"Ukifanya nini?"

"Nafikiri." Meno yalikuwa yanagongana. "Nikafikiria umesimama hapa na mguu wangu. Nikaona hutajua uuweke wapi."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimvalisha soksi kwenye kisiki.

Kurudi, hakuweza hata hatua kumi. Jokum alimbeba mgongoni, na safari hii hakubisha. Mimi nilivuta mkokoteni. Mbele ya kanisa nilihisi umekuwa mwepesi. Nikageuka, nikamkuta Bolette anasukuma nyuma, bado amevaa aproni ya dukani, uso umevimba. Tuliupandisha pamoja mpaka nyumbani.

Alikwenda tena mara tisa majira yale. Mara moja alileta sili aliyemchoma kwa chusa, tukawaita watu kunywa kahawa, akasimulia mpaka wakachoka. Kidonda hakikufunga. Mwezi wa tisa kikaanza kunuka, na helikopta ikamchukua. Huko Nuuk wakakata tena, juu ya goti, kama muuguzi alivyosema.

Alinipigia siku ya tatu, sauti yake nzito kwa dawa. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, nimejiandaa hata kwa ukimya.

"Hansigne, ule mkokoteni umeuweka ndani? Ekseli itashika kutu."

"Nimeuweka."

"Bandani?"

"Bandani, Efraim. Lala."

Nilikata simu, nikavaa koti, nikatoka kwenye mvua. Mkokoteni ulikuwa bado uani pale pale alipouacha, maji yamejaa kwenye vile viti vya mbao. Nikayamwaga maji, nikashika mkanda wake, nikaanza kuuburuta kuelekea bandani.